TAHARIRI: Friteze bila mafuta, mbele ya kununua uliza kwanza umeme wako na sufuria yako

Katika maduka ya vyombo vya umeme ya miji yetu, pembeni ya resho na pasi, kuna mashine ingine inayoanza kupata nafasi. Inafanana na ndoo yenye droo ya kuvuta mbele. Juu ya karatoni kuna picha ya viazi vya rangi ya zahabu na paja la kuku. Muuzaji anasema maneno matatu tu: bila mafuta, bila moshi, afya. Kwa Kifaransa inaitwa friteuse sans huile, na wengi wetu tumekwisha kufupisha: friteze.

Katika jamaa nyingi watu wanajiuliza kama wanunue ao waache. Kuna baba mwenye presha ambaye daktari amemwambia apunguze mafuta. Kuna mama aliyechoka na makala. Kuna mutoto aliye Ulaya anayepiga simu akisema: « Mama, nikutumie moja? » Na feza ya kuinunua si kidogo. Kwa nyumba nyingi ni chakula cha wiki kazaa, ao sehemu kubwa ya minerval ya mutoto mumoja. Mutu anayetoa feza kama hiyo anastahili kuambiwa ukweli wote, wala si nusu yake.

Sisi tunasema hivi: mashine hii si uongo, na si muujiza. Ina kazi moja, na inaifanya vizuri. Lakini afya ya jamaa haitoki ndani ya karatoni, na mashine isiyopata umeme ni sanduku tu juu ya meza. Mbele ya kutoa feza, kila nyumba ijibu maswali matatu: umeme wetu ni wa namna gani, sufuria yetu inapika nini kila siku, na anayepika anasema nini?

Ni mashine ya namna gani?

Jina lake linadanganya kidogo. Friteze hii haikaangi, inaoka. Ndani yake, upande wa juu, kuna chuma kinachopata moto kama kile cha resho, na karibu nacho kuna feni. Feni inasukuma hewa ya moto kwa nguvu kuzunguka chakula kilicho ndani ya kikapu chenye matundu. Kwa maneno mengine, ni furu ndogo yenye upepo mukali. Joto linaweza kufika digri 200. Kwa kuwa nafasi ni ndogo na upepo ni mwingi, maji ya juu ya chakula yanakauka haraka, ngozi inakuwa ngumu na kupata rangi, na ndani kunabaki laini. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha mbele ya watu huko Berlin mwaka 2010. Tangu hapo viwanda vingi, hasa vya Uchina, vinatengeneza za kwao, na ndiyo maana zimefika mupaka kwetu.

Mutu akijua kama ni furu ndogo, hatashangaa na matokeo yake. Viazi vinavyotoka humo vinafanana na vile vya mafuta mengi, lakini si vile vile. Vinakuwa vikavu zaidi, na vikipoa vinapoteza utamu haraka. Kuku na samaki, wenye mafuta yao wenyewe chini ya ngozi, ndio wanaotoka vizuri zaidi.

Ukweli juu ya mafuta

Hapa muuzaji hasemi uongo. Viazi vinavyozama katika mafuta ya moto vinakunywa mafuta. Katika gramu 100 za viazi vya kukaangwa hivyo, mafuta yanaweza kuwa karibu gramu 12 ao 15. Katika friteze ya hewa, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, ni kusema karibu gramu 14, kinatosha kupaka nusu kilo ya viazi. Kijiko hicho kina karibu kilokalori 120. Kwa mutu mwenye kisukari, mwenye presha ao aliyenenepa kupita kiasi, na anayependa kukaanga kila siku, tofauti hiyo ni ya kweli.

Kuna faida ingine ambayo karatoni haisemi, na kwetu inaweza kuwa kubwa kupita ile ya kwanza. Fikiri jiko letu la kila siku: mbabula iko chini, juu yake sufuria ya mafuta yanayochemka, na watoto wanakimbia pembeni. Ni mara ngapi tumesikia mutoto ameungua namna hiyo? Friteze ya hewa inaondoa ile sufuria ya mafuta. Inaondoa pia desturi ya kuweka mafuta ya jana kwa ajili ya kesho, na ya kesho kwa ajili ya kesho kutwa, mupaka yanakuwa meusi kama mafuta ya motere. Mafuta yenye kubadilika rangi, yenye kutoa povu, arufu mbaya na moshi, yamekwisha kuharibika. Hayafai tena kupikia chakula, hata kama chupa mupya ni ya bei ya juu.

Lakini neno « afya » linapita mupaka

Mutu asifikiri kama kila kinachotoka katika mashine hii ni dawa. Tunataka kusema mambo matatu.

La kwanza ni rangi. Viazi, mukate na vyakula vingine vya wanga vikipata moto mukali bila maji, vinatoa kitu kinachoitwa akrilamidi. Watu wa sayansi wa Sweden walitangaza mwaka 2002 kama kinapatikana katika vyakula vya namna hiyo, na tangu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa kansere lilikuwa limekwisha kukiweka katika kundi la vitu vinavyozaniwa kuleta kansere kwa watu. Friteze ya hewa haiondoi jambo hilo, kwa sababu inatumia moto mukali vilevile. Musaada uko katika mukono wa mupishi. Kata viazi, vioshe, viache ndani ya maji karibu nusu saa, vipanguse vikauke, kisha uvitoe vikiwa na rangi ya manjano. Usingoje mupaka vigeuke kahawia. Vipande vilivyoungua vitupwe, hata kama watoto wanavigombania.

La pili ni chumvi. Mashine inapunguza mafuta, haipunguzi chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mutu mukubwa asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kusema kijiko kidogo kimoja kisichojaa, na ndani ya hesabu hiyo kuna chumvi ya makayabo na ya vile vipande vya kutia ladha katika muchuzi. Mutu wa presha anayenunua friteze, kisha anamwangia viazi chumvi kwa mukono wazi, amelipa feza na ugonjwa umebaki pale pale.

La tatu ndilo linaloumiza zaidi. Maneno haya ya « bila mafuta » yalizaliwa katika inchi ambako watu wengi wanakula mafuta kupita kiasi. Kwetu kuna nyumba kama hizo, ndiyo. Lakini kuna nyumba nyingi zaidi ambamo mutoto anakula bugali na majani, na tone la mafuta ndilo linalompa nguvu. Mafuta yetu mekundu ya mawese yana ile rangi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kumusaidia mutoto kupigana na magonjwa. Ukiyachemsha mupaka yapoteze wekundu, umechoma kitu kile kile kilicho bora ndani yake. Kwa hiyo mama asisikie neno « bila mafuta » kisha akaondoa mawese katika sombe ya mutoto wa miaka miwili. Ushauri wa mutu munene wa miaka hamsini si ushauri wa mutoto anayekua. Nyumba moja inaweza kuwa na wote wawili, na kila mumoja apate sahani yake.

Sufuria yetu inapika nini?

Tuangalie sasa chakula chetu chenyewe. Friteze ya hewa inaweza kupika viazi, viazi vitamu, ndizi za kukaanga, paja la kuku, tilapia iliyokatwa katika vipande, na hata sambaza wa ziwa Kivu wakipakwa mafuta kidogo na kutandazwa bila kubebana. Inakausha karanga vizuri, lakini lazima kusimama karibu, kwa sababu zinaungua gafula. Muhogo unapaswa kuchemshwa kwanza, kisha uingie humo ili upate ngozi ngumu.

Lakini haisongi bugali. Haipiki sombe, haipiki lengalenga, haipiki muchele, na haichemshi maharagwe. Mandazi ya unga mwepesi, ule unaochotwa kwa mukono na kutupwa katika mafuta, yatapita katika matundu ya kikapu na kuchafua mashine yote. Mama anayeuza mandazi asubui barabarani asidanganywe: hii si mashine ya biashara yake.

Kuna pia hesabu ya midomo. Mashine nyingi zinazouzwa zina kikapu cha litre 3 mupaka 5. Hiyo inatosha watu watatu ao wane. Ukijaza kikapu mupaka juu, hewa haipiti, na chakula kinatoka kibichi upande mumoja na kikavu upande mwingine. Nyumba ya watu munane itapika mara mbili ao tatu, na wa kwanza watakuwa wamekwisha kumaliza kula wakati wa mwisho wanangoja. Kwa sisi tunaokula pamoja kwenye sahani moja kubwa, hilo si jambo dogo.

Tuseme basi kama kuna nyumba yenye feza ya kununua chombo kimoja tu cha umeme kwa ajili ya jiko. Tunaishauri iangalie kwanza kile kinachokula makala mengi. Kwa wengi wetu ni maharagwe, yanayokaa juu ya moto saa mbili, tatu. Sufuria ya presha, ya umeme ao hata ile ya kawaida ya kuweka juu ya mbabula, inapunguza saa hizo sana, hasa kama maharagwe yamelala ndani ya maji usiku muzima. Chombo hicho hakina picha nzuri juu ya karatoni, na hakuna anayekipiga picha ili kuwaonyesha marafiki. Lakini kinafanya kazi kila siku, wakati friteze inaweza kungoja siku ya kuku.

Umeme wetu ni wa namna gani?

Friteze nyingi zinavuta wati 1.400 mupaka 1.700, na zingine zaidi. Tuchukue mufano wa mashine ya wati 1.500. Ikifanya kazi dakika 20 bila kupumzika, imekula nusu ya kilowati-saa. Umeme huo ungewasha ampuli moja ya LED ya wati 9 kwa saa zaidi ya 50. Ukipika mara moja kila siku, kwa mwezi ni karibu kilowati-saa 15. Kila mutu azidishe na bei anayolipa kwa kontere yake, kisha alinganishe na makala yatakayobaki katika mufuko. Makala yasipopungua kwa sababu maharagwe na bugali vinaendelea kupikwa juu ya mbabula, basi umeongeza tu faktire ya pili.

Mwenye paneli ndogo ya jua naye asikie. Paneli ya wati 100 ikipata jua kali la saa tano, inatoa karibu nusu kilowati-saa. Ni kusema jua lote la siku linaisha ndani ya kikapu kimoja cha viazi. Na batri na kifaa chake cha kugeuza umeme, vilivyonunuliwa kwa ajili ya taa na simu, haviwezi kubeba wati 1.500 kwa mara moja. Ukijaribu, unaweza kuviharibu.

Kisha kuna delestaji. Bukavu inajua jambo hili vizuri. Kituo cha Ruzizi I kinafanya kazi tangu miaka ya 1950, na mashine zake zimezeeka. Ruzizi II, iliyoanza mwaka 1989, inagawanya umeme wake kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Wakaaji wa Bukavu wameongezeka mara nyingi tangu wakati huo, na takataka za plastiki zinazotupwa ziwani zinafika mupaka kwenye turbini na kuzisimamisha. Mutu anayetupa chupa ziwani asubui, kisha analalamika kama umeme umekatika saa ya kupika, atafute mukosaji karibu na kwake.

Kivu ya Kaskazini imepata bahati fulani. Kituo cha Matebe, kule Rutshuru, kilianza mwaka 2015 kwa maji ya milima ya Virunga na kinatoa zaidi ya megawati 13. Katika muji wa Goma kuna hata umeme wa jua unaogawanywa katika mitaa. Lakini vita imetufundisha kama waya mumoja ukikatwa, muji muzima unaingia gizani. Wakaaji wa Goma waliona hivyo mwanzo wa mwaka 2025, wakati wa vita, walipobaki bila umeme na bila maji. Siku hizo, aliyekuwa na mbabula alikula. Kwa hiyo hata mwenye friteze nzuri sana asitupe mbabula yake. Aiweke pahali pakavu pamoja na makala kidogo.

Makala na pori

Na hata hivyo, hatutaki mutu afunge ukurasa huu akisema kama tunapinga kupika kwa umeme. Ni kinyume. Tunaona kama kupika kwa umeme ni moja ya mambo makubwa ambayo mashariki ya Kongo inaweza kufanya kwa ajili yake yenyewe.

Makala tunayochoma Goma yametoka wapi? Sehemu yake inatoka katika Parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika yote kwa wengi wanaohesabu. Biashara ya makala ya siri imelisha makundi ya silaha kwa miaka mingi, na walinzi wa parke wamekufa wakiizuia. Kila mufuko wa makala unaopungua jikoni ni mutego mumoja unaopungua porini. Mama anayepika hana kosa: yeye anatafuta chakula cha watoto. Lakini mama huyo akipata umeme wa bei nzuri na usiokatika, yeye mwenyewe ataacha makala bila kuhubiriwa.

Na kuna moshi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kama moshi wa nyumbani ulichangia vifo milioni 3,2 duniani mwaka 2020. Makala hayatoi moshi mwingi kama kuni, na hiyo ndiyo inadanganya: yanatoa gesi isiyoonekana na isiyo na arufu, monoksidi ya kaboni. Katika baridi ya Bukavu, Butembo na Lubero, kuna watu wanaoingiza mbabula ndani ya chumba cha kulala na kufunga mulango. Wengine hawaamuki. Hakuna friteze itakayowaokoa hao, lakini neno moja la jirani linaweza: mbabula ibaki nje, na dirisha libaki wazi.

Mashine ya moto katika nyumba ya mbao

Hatuwezi kunyamaza juu ya moto. Kila mutu anayeishi Kadutu, Birere ao katika mitaa mingine yenye nyumba za mbao zilizobanana anajua namna moto unavyokimbia. Mashine ya wati 1.500 inavuta karibu ampere 7. Ralonji nyembamba ya sokoni, ile inayobeba pia televizio, friji na simu tano, haiwezi kubeba muzigo huo. Waya unapata joto, plastiki inayeyuka, na mbao ziko karibu.

Basi, friteze ichomekwe peke yake, katika prizi ya ukutani iliyofungwa vizuri. Ukigusa waya na kukuta ni wa moto, zima mara moja. Weka mashine mbali na ukuta na pazia, kwa sababu inatoa hewa ya moto nyuma. Usiiache ikifanya kazi huku unakwenda kwa jirani. Umeme ukikatika, vuta waya kutoka katika prizi na ungoje urudi na kutulia, kwa sababu unaporudi mara nyingi unarudi kwa nguvu. Nyama ya kuku iliyokatishwa katikati isiachwe ndani ya kikapu saa nyingi kungoja umeme; iwekwe juu ya mbabula na imalizwe, mupaka maji yanayotoka ndani yake yasiwe tena na wekundu.

Kwa wale wanaotumiwa mashine na jamaa walio Amerika: someni kwanza maandiko yaliyo chini yake. Nyingi za kule zinataka volti 110 ao 120, na umeme wetu ni 220. Ukiichomeka bila transfo inayofaa, itakufa siku ya kwanza. Na kikapu chake kina rangi nyeusi inayozuia chakula kushika; kisisuguliwe kwa chuma wala kwa muchanga. Maji ya moto, sabuni na sifongo laini vinatosha.

Nani anunue, na nani angoje?

Mwenye umeme ulio karibu saa zote, mwenye nyumba ya watu wachache, anayekaanga mara nyingi na aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta, anunue. Hatajuta. Hata muzee anayeishi peke yake, asiyeweza tena kuinama mbele ya mbabula, mashine hii ni musaada wa kweli kwake.

Mwenye delestaji ya kila jioni, mwenye watoto saba, mwenye kupika maharagwe na sombe kila siku, angoje. Feza hiyo inunue sufuria ya presha, ao mbabula iliyoboreshwa inayokula makala machache, ao hata mafuta safi ya kubadilisha yale meusi. Anayetaka kupunguza mafuta bila kununua chochote anaweza kuanza leo jioni: achemshe viazi badala ya kuvikaanga, achome samaki juu ya makala, apime mafuta kwa kijiko badala ya kumwanga kutoka katika chupa.

Na kwa wababa tunasema neno moja la heshima. Musinunue chombo cha jiko bila kumuuliza anayepika. Mashine nyingi zimekuwa pambo juu ya kabati kwa sababu zilichaguliwa na mutu asiyejua uzito wa sufuria. Mama aulizwe kwanza, na jibu lake lisikilizwe.

Kwa wauzaji: mwambie muteja wati, volti na ukubwa wa kikapu mbele ya kumwambia « afya ». Muchomekee mashine mbele yake, aone inafanya kazi. Garanti iandikwe juu ya karatasi yenye jina la duka, wala isiwe ya mudomo tu.

Na kwa wote wanaoshika umeme wa mashariki hii, wa serikali na wa makampuni, wa jana na wa leo: wanainchi wako tayari. Wanatoa feza yao wenyewe kununua mashine za kupikia, bila kulazimishwa na mutu. Wanachoomba ni umeme unaofika saa kumi na mbili ya jioni, wakati watoto wana njaa, kwa bei isiyopita ile ya makala. Mukiwapa hiyo, pori la Virunga litapumua, na macho ya mama zetu yataacha kulia moshi. Musipowapa, friteze itabaki juu ya kabati na mbabula itaendelea kuwaka nje, kama jana.